Jicho limezima ghafla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu altrasaundi ya jicho na ateri iliyoziba

Mimi hupiga altrasaundi katika hospitali moja kando ya Ziwa Victoria. Maswali yaliyomo humu nimeyapata kwa wagonjwa, kwa ndugu waliowasindikiza, na kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya wanaopiga simu usiku kuuliza wafanye nini. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa na mtu kwenye benchi.

Baba ameamka jicho moja halioni kabisa. Halimuumi, wala halijawa jekundu. Tuanzie wapi?

Anzeni safari ya hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Msisubiri kuche. Hapo kwenye "halimuumi" ndipo watu wengi wanapopotea. Jicho likiuma mtu hakai nyumbani. Likizima kimyakimya, hujifariji kwamba ni uchovu, ni upepo wa ziwani, ni presha imepanda kidogo, kesho litakuwa sawa.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja wa giza la mwezi, taa zikiwa zimeshashushwa majini, alijifuta maji kwenye jicho la kushoto, na kwa kitambo hicho taa zote za mitumbwi mingine zikapotea. Alipoondoa mkono, zikarudi. Jicho la kulia lilikuwa limezima na hakujua lilizima saa ngapi, kwa sababu la kushoto lilikuwa likifanya kazi ya yote mawili. Alimaliza kuvua, akalala, na jioni akaenda kutibiwa. Akapewa matone ya macho na kuambiwa arudi baada ya wiki. Nitamrudia huko mbele, kwa sababu yaliyomkuta siku ya tisa ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Jipimeni hivi: zibeni jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, tazameni kitu kilicho mbali, kisha zibeni la pili. Ni kazi ya nusu dakika.

Hiyo ateri iliyoziba ni ipi, na imezibwa na nini?

Nyuma ya mboni, kwenye ukuta wa ndani wa jicho, kuna utando mwembamba unaopokea mwanga. Huo ndio retina. Tabaka zake za ndani hulishwa na ateri, yaani mshipa wa kupeleka damu, moja nyembamba sana, chini ya robo ya milimita kwa upana, inayopita katikati ya mshipa wa fahamu wa jicho na kujigawa ikishaingia ndani. Tutaiita ateri kuu ya retina. Ikiziba, retina inakosa hewa ya oksijeni na jicho linazima kwa sekunde au dakika chache. Ikiziba tawi lake tu, mtu hupoteza sehemu ya picha, labda nusu ya juu au ya chini.

Mara nyingi kinachoziba ni kipande kilichosafiri na damu. Kinaweza kuwa kimebanduka kwenye mafuta na chokaa vilivyojijenga ndani ya ateri kubwa ya shingo, au ni bonge la damu lililotoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio au wenye valvu (milango ya moyo) mbovu. Wazee wenye presha, kisukari, mafuta mengi kwenye damu, na wavutaji sigara wako mstari wa mbele. Lakini huku kwetu usiwasahau vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo walipokuwa watoto.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwa matabibu. Albrecht von Graefe, daktari wa macho wa Ujerumani, aliueleza mwaka 1859, miaka michache tu baada ya kupatikana kifaa cha kutazamia ndani ya jicho.

Kwa nini mnauita kiharusi? Mikono na miguu yake iko sawa.

Kwa sababu retina ni sehemu ya ubongo iliyochomoza hadi kwenye jicho. Ateri inayoilisha ni mjukuu wa ateri ya shingo: ateri ya shingo huzaa ateri ya jicho, na ateri ya jicho huzaa ateri ya retina. Kipande kilichobanduka shingoni na kukunja kona kuelekea jichoni kingeweza kunyooka moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Tena huenda kingine kimeshanyooka. Wagonjwa wa aina hii wakipigwa picha ya MRI siku za mwanzo, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na alama mpya za kiharusi kichwani, hata kama hajahisi chochote.

Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko lake kwamba kuziba kwa ateri kuu ya retina kushughulikiwe kama kiharusi cha ghafla. Kwa hiyo ukifika mapokezi usiseme "nina shida ya macho" ukapangwa kwenye foleni ya miwani. Sema: "Jicho limezima ghafla, saa fulani, bila maumivu. Naomba niangaliwe kama mgonjwa wa kiharusi."

Tuna muda gani kabla jicho halijafa?

Mfupi kuliko safari nyingi za huku. Sohan Singh Hayreh, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi Marekani, aliziba ateri hiyo kwa nyani na kuifungua baada ya muda tofauti. Hadi dakika 97 retina zao zilipona. Ilipofika dakika 240, yaani muda wa saa nne, uharibifu ulikuwa mkubwa na haukurudi nyuma. Binadamu wengine huwa na ateri ndogo ya pembeni inayolisha katikati ya retina kwa njia nyingine, na hao hubakiwa na uoni wa katikati hata ateri kuu ikiziba. Huwezi kujua kama wewe ni mmoja wao mpaka siku hiyo.

Ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa ni: mara ya mwisho jicho lilikuwa linaona saa ngapi? Andika saa hiyo kwenye karatasi au kiganjani. Aliyelala akiona na kuamka haoni, saa inayohesabiwa ni ile aliyolala.

Altrasaundi si ya wajawazito? Inahusianaje na jicho?

Nalisikia swali hili kila wiki, na ni swali zuri. Mashine haijui mimba wala jicho. Inatuma sauti kali ambayo sikio halisikii, kisha inasikiliza mwangwi. Aliyekulia Mwanza anaufahamu mwangwi: simama mbele ya yale mawe makubwa ya mjini, piga kelele, sauti itakurudia. Ukizoea, unaweza kukisia jiwe liko karibu au mbali. Sikio letu linaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Altrasaundi ya jicho hutumia kati ya milioni 7 na milioni 15.

Jicho ni kama limeumbwa kwa ajili ya kipimo hiki. Limejaa maji na ute, liko nje nje, na lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Sauti inapita bila kizuizi hadi kwenye mshipa wa fahamu ulio nyuma yake.

Na hapa hakuna mionzi, ingawa chumba kiko idara ya mionzi na kibao cha mlangoni kinasema hivyo. Ni sauti tu.

Kinafanyikaje? Mtanichoma sindano ya jicho?

Hapana. Unalala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, unafumba macho kama anayelala. Tunaweka jeli nyingi juu ya kope na kugusisha kichwa cha mashine kwenye jeli hiyo, siyo kulikandamiza jicho. Mkono wa mpimaji hupumzika kwenye paji la uso au shavu lako ili uzito usikuelemee. Utaambiwa usogeze macho kushoto na kulia huku umefumba. Tunapima pia jicho lililo zima, yaani linaloona, kwa sababu ndilo kipimo chetu cha kulinganishia. Kwa mtu aliyezoea ni dakika tano hadi kumi. Kinachokera ni ubaridi wa jeli, na tunakufuta.

Kuna mgonjwa mmoja tu ambaye hatumgusi: aliyechomwa au kugongwa jicho na kuna wasiwasi kwamba limepasuka. Huyo afunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kikombe cha plastiki kilichokatwa, apelekwe kwa daktari wa macho.

Mnaona nini hasa kwenye kioo?

Jicho zima huonekana kama mpira mweusi, kwa sababu maji hayarudishi mwangwi. Nyuma yake mshipa wa fahamu hushuka kama mkanda wa rangi ya majivu iliyokolea. Jicho lenye ateri iliyoziba, kwa mtazamo wa kwanza, linafanana na hilo hilo. Asiyejua anachotafuta ataandika "kawaida" na kumruhusu mgonjwa.

Tunatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni doa dogo jeupe, linalong'aa, ndani ya mkanda huo wa majivu, pale mshipa unapoingia kwenye jicho. Ateri hubanwa na kuwa nyembamba zaidi mahali hapo, na kipande kinachosafiri hukwama kama kigogo kwenye mdomo wa mto. Doa likionekana wazi kwa mtu aliyepoteza uoni ghafla, linatuambia mambo mawili. Kwanza, kweli kuna kilichoziba. Pili, kilichoziba kina chokaa au mafuta magumu, kwa hiyo kimetoka mbali, shingoni au moyoni, na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda haziwezi kukiyeyusha vizuri. Mimi nikiliona doa hilo simwandikii mtu majibu akaondoka. Naita daktari papo hapo.

Cha pili ni mwendo wa damu. Mashine ina kitufe cha Doppler, jina la Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeeleza jambo hili mwaka 1842. Fikiria honi ya basi: likija kwako sauti ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Mashine inafanya hesabu hiyo kwa damu na kuipaka rangi. Kwa kawaida inayokuja kwenye kichwa cha mashine huwa nyekundu, inayokwenda mbali huwa bluu. Katika jicho zima, ndani ya mshipa wa fahamu, utaona ateri nyekundu na vena (mshipa unaorudisha damu) ya bluu zikienda sambamba, nyekundu ikidunda kwa mapigo ya moyo. Ateri ikiziba, ule wekundu unatoweka au unabaki hafifu, wakati jicho la pili bado linadunda. Kuviona viwili hivyo kwa mtu mmoja, ndani ya dakika moja, kunaondoa mashaka mengi.

Msipoona doa, ina maana ateri haijaziba?

La. Bonge la damu laini halina chokaa, kwa hiyo halitoi doa jeupe. Na kuna ugonjwa mwingine, kuvimba kwa kuta za ateri za kichwani, unaoziba bila kipande chochote. Unawapata waliovuka miaka 50, na kwa Waafrika ni nadra. Dalili zake ni kichwa kuuma upande wa panjani, ngozi ya kichwa kuuma ukichana nywele, na taya kuchoka ukitafuna. Hapo altrasaundi husaidia kwa njia nyingine: tunapima ateri ya panjani, na ikiwa imevimba huonekana imezungukwa na duara jeusi. Mgonjwa huyo anahitaji dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe, siku hiyo hiyo ili kuokoa jicho la pili.

Kwa hiyo doa likiwepo ni ushahidi mzito. Lisipokuwepo, halimwondoi mtu kwenye hatari. Tafadhali msikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu "picha haina kitu" ilhali jicho bado halioni.

Daktari wa macho anatazama kwa tochi yake na kuona. Altrasaundi ya nini?

Daktari wa macho akiwepo, muda huo, na dawa ya kupanua mboni, hakuna wa kumzidi. Ataona retina imepauka na doa jekundu katikati kama tunda. Lakini saa za mwanzo kabisa retina inaweza kuonekana ya kawaida, kwa sababu weupe huo huchukua muda kujitokeza. Mtoto wa jicho au damu iliyomwagika ndani humzuia asione. Na wakati mwingine jioni ya Jumamosi daktari wa macho yuko kilomita mia moja kutoka ulipo, ila mashine ya altrasaundi iko wodi ya wazazi, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Thamani yake kwetu iko hapo. Inampa tabibu wa kituo cha afya sababu ya kumnyanyua mgonjwa na kumpeleka rufaa usiku huo badala ya Jumatatu.

Je, kila jicho linalozima ghafla ni ateri?

Siyo, na mengi ya hayo mengine altrasaundi inayaona vizuri kuliko inavyoiona ateri. Retina iliyobanduka inaelea kama kitambaa ndani ya maji, na mgonjwa huwa ameona vimulimuli na pazia likimjia upande mmoja. Damu iliyomwagika ndani ya jicho, hasa kwa wenye kisukari, huzunguka kama tope mtu anaposogeza jicho. Zote mbili zinahitaji daktari wa macho haraka.

Vena ya retina ikiziba nayo hupunguza uoni, kwa kawaida taratibu zaidi. Jicho jekundu, linalouma, na kichwa kinapasuka mpaka mtu anatapika: hiyo inaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla, na ni dharura ya namna yake.

Yakizima macho yote mawili kwa pamoja, siku moja au mbili baada ya kunywa gongo, fikiria sumu ya methanoli, aina ya pombe isiyonyweka. Altrasaundi haitaonyesha kitu. Mtu huyo anaweza kufa, na waliokunywa naye watafutwe.

Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Mashine yetu ya wajawazito inatosha?

Inatosha kama ina kile kichwa bapa kinachotumika kwa tezi ya shingo, matiti na mishipa. Kile kilichopinda cha tumbo hakifai, hakioni vitu vidogo vilivyo karibu. Kabla ya kugusa jicho, chagua mpangilio wa macho kwenye mashine. Kama haumo, punguza nguvu mpaka namba ya MI (mtikisiko wa sauti) kwenye kioo isizidi 0.23 na ya TI (joto) isizidi 1. Nguvu ya kupimia tumbo ni kubwa mno kwa jicho. Doppler itumie kwa sekunde chache, siyo kuiacha inawaka huku unatafuta kalamu.

Shusha skeli ya kasi. Damu ya ateri hii hukimbia sentimita 10 hivi kwa sekunde pale moyo unaposukuma, kwa hiyo ukiacha mpangilio wa mishipa ya shingo hutaona rangi yoyote na utamwambia mtu asiye na tatizo kwamba ateri yake imeziba. Anza daima na jicho zima. Usipopata wekundu huko, tatizo ni mpangilio wako.

Na usimpotezee mgonjwa saa nzima ukitafuta picha nzuri. Ukikosa picha ndani ya dakika kumi, andika ulichokiona, andika saa jicho lilipozima, piga simu hospitali ya rufaa, mpeleke. Nimeona barua za rufaa zenye maelezo ya kurasa mbili na hazina hiyo saa.

Jicho ndilo bovu, mbona mnanipima shingo na moyo?

Narudi kwa baba mdogo. Jicho lililozima lilikuwa la kulia. Siku ya tisa, matone yakiwa hayajaisha chupani, alishindwa kushika kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto. Ateri ya shingo ya kulia hulisha jicho la kulia na ubongo wa kulia, na ubongo wa kulia ndio unaotawala mkono wa kushoto. Jicho na mkono vilitoka chanzo kimoja. Tulipompima shingo, ndani ya ateri ya kulia kulikuwa na ukoko mnene, na damu ilipita kwenye mwanya mwembamba kwa kasi, kama maji ya bomba ulilolibana kwa kidole. Kipimo hicho kingefanyika siku ya kwanza, tungekuwa na siku nane za kumlinda.

Ndiyo maana shingo haingojei. Mwanya ukiwa umezibwa kwa asilimia 70 au zaidi, mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji wa kusafisha ateri, na faida ya upasuaji huo ni kubwa ukifanyika ndani ya wiki mbili. Chini ya hapo kuna dawa za kuzuia damu isigande, za kushusha mafuta, na za presha. Eko ya moyo nayo ni altrasaundi: inaangalia valvu na mabonge. Kipimo cha umeme wa moyo kinaangalia mpangilio wa mapigo, kwa sababu moyo unaopiga ovyo unatibiwa kwa dawa tofauti.

Mwanangu ana sikoseli. Anaweza kupata hili?

Anaweza, hata akiwa kijana. Seli zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo popote, na ya retina ni kati ya midogo kabisa. Kanda ya Ziwa ni kati ya sehemu za Tanzania zenye sikoseli nyingi, na nchi nzima inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Kijana wa sikoseli akisema haoni jicho moja, apelekwe kliniki yake au dharura siku hiyo hiyo, na waambiwe tangu mlangoni kwamba ana sikoseli, kwa sababu anaweza kuhitaji kuongezwa au kubadilishiwa damu. Na hata asipolalamika, retina zake zichunguzwe mara kwa mara kuanzia umri wa miaka kumi hivi.

Kuna dawa ya kulirudisha jicho?

Nitasema kweli, maana mtu aliyepoteza jicho anastahili kuambiwa kweli. Hakuna tiba iliyothibitishwa kulirudisha. Kulikanda jicho, kutoa maji ya jicho kwa sindano, kupumulia kwenye mfuko: vyote vimetumika miaka mingi bila ushahidi kwamba vinasaidia. Jaribio kubwa la Ulaya lililochapishwa mwaka 2010 lilipeleka dawa ya kuyeyusha bonge moja kwa moja kwenye ateri ya jicho. Halikushinda matibabu ya kawaida, na madhara yakawa mengi zaidi. Dawa hiyo ikitolewa kwa mshipa wa mkono ndani ya muda wa saa nne na nusu hufikiriwa kwa wagonjwa wachache, kwenye hospitali yenye CT, mashine ya kupiga picha za kichwa, na timu ya kiharusi.

Kwa hiyo watu huniuliza: basi haraka ya nini? Haraka ni ya ubongo, na ya jicho lililobaki. Hatari ya kiharusi huwa juu kabisa siku za mwanzo.

Liliona giza kama dakika tano, kisha likarudi. Nimeshapona?

Hujapona, umeonywa. Kipande kilikwama kidogo kikapita. Kilichokitoa bado kipo. Nenda siku hiyo hiyo, upimwe shingo na moyo ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Wakati tunasubiri usafiri, tumpe nini?

Msimtie kitu jichoni. Si maziwa ya mama, si maji ya majani, si matone ya jirani. Kilichoziba kiko nyuma, tone la mbele halikifikii, na mengi ya hayo huunguza kioo cha jicho. Msimpe aspirini kabla hajaonwa, kwa sababu kama kichwani kuna damu iliyovuja mtaiongeza. Msimrundikie vidonge vya presha ili ishuke kwa nguvu. Asiendeshe pikipiki. Chukueni dawa zake zote anazotumia, na vyeti vya kliniki, mvitie kwenye mfuko mmoja.

Tunaishi kisiwani. Mnatuambia muda wa saa nne tu, meli yenyewe ni asubuhi.

Najua, nimezaliwa huko. Meli ya kawaida kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Mwanza huchukua saa tatu hivi, na hapo hujahesabu kuingojea. Kwa hiyo anzieni hospitali iliyo karibu hapo hapo kisiwani: presha, sukari, umeme wa moyo, na altrasaundi ya jicho kama yupo wa kuipiga. Wakati hayo yanafanyika, mtu mmoja wa familia ashughulikie chombo, wa pili asimame na daktari anapopiga simu hospitali za Mwanza, Bugando au Sekou Toure, ili mkifika msianze upya na kadi. Ziwa likichafuka, msimpakie mgonjwa kwenye mtumbwi usiku. Afadhali alale hospitalini chini ya uangalizi.

Kwa ndugu wa Sengerema na Geita mambo yamebadilika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena. Gari la wagonjwa linavuka zile kilomita tatu kwa dakika chache, saa yoyote ya usiku.

Zimeshapita wiki mbili tangu jicho lizime. Tuje tu, au tumeshachelewa?

Njooni. Kwa jicho hilo mmechelewa, ila shingo, moyo, presha na sukari bado havijapimwa. Jicho lenyewe pia lifuatiliwe, kwa sababu miezi ya mbele linaweza kuota mishipa mipya mibovu na kuleta presha ya macho yenye maumivu makali. Baba mdogo aliletwa kwangu siku ya kumi na moja. Sasa anameza vidonge vyake kila jioni, ameacha sigara, na nyavu anazishona kwa mkono wa kulia huku amezibana kwa goti. Kila mtu anayekaa naye pale mwaloni lazima azibe jicho moja, kisha la pili, amwambie kama anaiona ile miamba ya ng'ambo.